Chupa Tisa za Mshombe

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzi ya watu wenye vitambulisho shingoni, palikuwa na chuo cha kilimo kwenye milima ya Upare kilichoitwa Lukandwe. Ndani ya chuo palikuwa na chumba, ndani ya chumba palikuwa na chupa, na ndani ya kila chupa palikuwa na mche mmoja wa mgomba, mdogo kuliko kidole cha mtoto, umesimama kwenye uji mzito. Uji huo haukuwa wa kunywa. Ulikuwa chakula cha mche. Watu walikiita chumba cha chupa.

Chumba kile kilikuwa na adui mmoja, upepo. Mlango ukifunguliwa wakati mtu anakata miche, upepo unaingia, na unaleta ukungu. Siku ya tatu unakuta chupa zimeoza. Kwa hiyo palikuwa na mila ambayo hata mkuu wa chuo aliifuata. Unagonga mara tatu, unasimama. Aliye ndani akisema "Ingia", unaingia. Akisema "Bado", unasubiri. Asipojibu, unasubiri vilevile, hata kama mvua inakunyeshea.

Walifanya kazi humo watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Nakijwa, ambaye wengi walimwita mama Elinaike. Miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia humo humo. Alifukuzwa shule kidato cha tatu kwa sababu ya mimba ya huyo Elinaike, akarudi kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na mtoto mgongoni. Kwenye karatasi za chuo aliandikwa mhudumu, yaani mwosha chupa. Lakini kila mwanafunzi aliyepita pale, yeye ndiye aliyemfundisha kushika kibano. Dokta Kajiru, mkuu wa idara, naye alipita mikononi mwake enzi zile, kijana mwenye mikono ya kutetemeka. Sasa Dokta alikuwa na digrii tatu na ofisi yenye zulia. Nakijwa alikuwa na ndoo mbili na brashi.

Wa pili alikuwa Sikudhani, binti wa Tunduru, miaka ishirini na sita, kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa mdogo. Alikuwa na stashahada yake na vidole ambavyo Nakijwa hakuwahi kuviona kwa mtu mwingine. Alisoma midomo, alizungumza kwa ishara, na ishara ziliposhindwa aliandika kwenye kidaftari. Vyuo vikuu viwili vilishampokea na kumrudisha. Vyote viwili vilisema havina mkalimani.

Wa tatu alikuwa Gidamis, kijana wa Kidatoga kutoka nyanda za Hanang', wa kwanza katika ukoo wake kumaliza kidato cha sita. Naye alipata nafasi ya chuo kikuu, ila barua ilifika kwenye sanduku la posta la mbali na kwao, na alipoipata masomo yalikuwa yameanza mwezi mzima. Kazi yake pale ilikuwa kupanga chupa kwenye rafu na kuzikagua. Jina lake waliona tabu kulitamka. Walimwita Mang'ati, jina ambalo watu wake hawakujipa wenyewe, na maana yake ni adui. Aliitika. Angefanya nini?

Sasa sikilizeni habari ya kamba.

Sikudhani alipoajiriwa, mila ya kugonga ilikwama. Utamgongeaje asiyesikia? Wiki ya kwanza mlango ulifunguliwa mara mbili akiwa anakata, na chupa thelathini zikaharibika. Dokta akasema labda binti ahamishiwe masjala. Ndipo Nakijwa akaja na kamba ya katani kutoka nyumbani, akatoboa tundu chini ya mlango, ncha moja akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa Sikudhani, nyingine akaiacha nje. Unavuta mara moja. Akijibu kwa kuvuta mara mbili, ingia. Akivuta mara moja, bado. Kamba ikikaa kimya, subiri.

Hakufanya hivyo kwa huruma. Alichoka kuosha chupa zilizooza.

Kamba ikafanya kazi, Sikudhani akabaki. Wakaja wageni wenye kamera, wale wanaofadhili mradi. Dokta Kajiru akawasimamisha mbele ya mlango akasema, "Binti huyu ameshinda vikwazo. Njia hii ameibuni mwenyewe."

Nakijwa alikuwa pale pale na ndoo yake. Alingoja Dokta ageuke amtazame. Dokta hakugeuka.

Mwisho wa mwaka kalenda ya chuo ikatoka. Mwezi wa Machi alikuwa Sikudhani mzima mzima, koti jeupe, anatabasamu, kamba mguuni. Pembeni ya picha ulionekana mkono mmoja umeshika ndoo. Ulikuwa mkono wa Nakijwa. Uliishia kwenye kiwiko.

"Angalau kucha zimetoka vizuri," alisema Naetwe, karani wa idara, wakati wa chai ya saa nne.

"Niache, Naetwe."

"Mwezi mzima utakuwa ukutani kwa mkuu wa chuo, shoga. Wengine hata kidole hatujafika."

Meza ya chai ilicheka. Pale mezani walizoea kuongea Kipare, na Sikudhani alikaa mwisho wa benchi akitazama midomo iliyosema lugha asiyoijua. Gidamis hakukaa kabisa. Chai yake aliinywea kwenye ngazi karibu na jenereta, kwa kikombe kilichopakwa alama ya rangi ya kucha. Hakuna aliyewahi kusema nani aliipaka.

Siku hiyo Nakijwa alitaka kila mtu amwelewe, hata mpishi aliyetoka Singida. Akasema kwa Kiswahili, "Eti ameshinda vikwazo! Niliyemfunga ni mimi. Mbuzi wangu yule. Nimemfunga mguu, na wala halii."

Wakacheka zaidi. Sikudhani aliinua macho, akayashusha kwenye kikombe. Nakijwa hakuliona hilo. Alikuwa anafurahia kicheko, maana wivu ukipata wa kucheka pamoja nao unashiba kidogo, unalala, kisha unaamka na njaa zaidi.

Mwezi Januari tangazo likabandikwa ubaoni. Nafasi moja ya masomo ya shahada. Kwa mtumishi mmoja wa chumba cha chupa, anayetoka kundi lililoachwa nyuma. Mwenye ulemavu atawekewa mkalimani au msaidizi. Umri uwe chini ya miaka arobaini na mitano. Akimaliza atarudi kuwa msimamizi wa chumba.

"Kuachwa nyuma na nani?" aliuliza Naetwe. "Na basi?"

Siku moja kabla ya tangazo, hakuna mtu pale aliyependa kuitwa aliyeachwa nyuma. Siku moja baada yake, walianza kuligombea jina hilo. Gidamis, ambaye hakuwahi kuwasimulia habari za kwao, akaanza kutaja kilomita alizotembea kwenda shule. Sikudhani akatoa kwenye begi barua mbili za vyuo vilivyomrudisha, akaziacha wazi mezani. Na Nakijwa, aliyeficha miaka yote kwamba alifukuzwa shule, akajikuta anamweleza hata mlinzi wa geti.

Alikuwa na haraka kuliko wenzake. Mwezi wa tisa angetimiza arobaini na mitano. Nafasi kama hiyo isipokuwa yake mwaka huo, haikuwa yake tena.

Asubuhi moja alimwona Sikudhani akiingia ofisini kwa Dokta. Akaona kupitia dirishani amepewa kiti. Kile chenye mito! Nakijwa alishakipangusa kile kiti kwa miaka, hakuwahi kukikalia. Binti akatoka na bahasha kubwa, anatabasamu. Nakijwa akajiambia: basi, ameshapewa. Ndani ya bahasha mlikuwa na kalenda tatu za kumpelekea mama yake Tunduru. Nakijwa angejuaje?

Sasa siku hiyo hiyo ndiyo Sikudhani alikuwa na kazi ya kukata mshombe. Mshombe ni ndizi ya wazazi. Mwanamke wa milima ile akijifungua, mama mkwe wake humpelekea mkungu wa mshombe, na asiyeletewa huhesabu kwamba hajapokelewa ukweni. Lakini ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia mashambani ukaimaliza mshombe yote, kitalu kwa kitalu. Zilibaki chupa arobaini tu, kwenye chumba kile.

Saa tano Nakijwa akaja kuchukua chupa chafu. Akavuta kamba. Kamba ikaja nyepesi mkononi. Akaitazama. Akavuta tena, ikaja nyepesi vilevile, na hakuna aliyeivuta upande wa pili.

Kamba ikikaa kimya, subiri. Aliyeiweka sheria hiyo ni yeye. Akasimama pale na ndoo, akawaza: miaka kumi na tisa nimesimama nje ya mlango. Mwenzangu leo kakalia kiti cha mito. Acha nione anafanya nini humo hata hajibu.

Akafungua.

Sikudhani alikuwa kwenye meza ya kukatia, taa ya spiriti inawaka, vifuniko vya chupa za mshombe viko wazi. Kamba ilikuwa sakafuni, mbali na mguu wake. Moto wa taa ukalala upande mmoja, ukainuka. Sikudhani akageuka. Wakatazamana. Nakijwa akaurudisha mlango taratibu kama mtu aliyekosea chumba.

Hakuna kati yao aliyeandika chochote kwenye daftari la chupa, linakoandikwa kila kinachozipata. Na mwisho wa korido, Gidamis alikuwa amesimama na kreti mikononi. Alikuwa ameona kila kitu.

Siku ya pili Nakijwa alihesabu rafu ya mshombe akakuta chupa thelathini na moja. Tisa hazipo, wala daftari halikusema zilikokwenda. Je, mtu mwenye hofu yake hufanya nini? Hutafuta wa kumtupia.

"Mang'ati kaiba!" akapiga kelele. "Dokta! Mang'ati kaiba mshombe!"

Mlinzi akaitwa. Begi la Gidamis likamwagwa uani mbele ya wanafunzi: shati, sabuni, chaja, Biblia. Chupa hakuna. Mtu nyuma akauliza kama mkuki umetafutwa. Watu wakacheka.

Gidamis akaokota vitu vyake kimoja kimoja. "Subirini mpaka kesho," alisema. "Mkishaona, mniulize."

Kesho yake wakaona. Chupa zote thelathini na moja zilikuwa zimeota manyoya meupe, na nyingine zimeshakuwa kijani. Dokta Kajiru akakaa juu ya ndoo ya Nakijwa iliyokuwa imepinduliwa.

Ndipo Gidamis akaenda stoo, akasogeza magunia ya mbegu za maharage, akarudi na kreti. Ndani mlikuwa na chupa tisa, uji wake unang'aa.

"Ulijuaje?" aliuliza Dokta.

"Uji ukiingiwa na ugonjwa hupoteza mng'ao siku moja kabla ya ukungu kuonekana. Niliziinua zote dirishani, moja moja. Tisa zilikuwa bado. Ng'ombe naye ni hivyo. Jicho hufifia kwanza, ndipo anaacha kula."

"Mbona hukuandika kwenye daftari?"

"Ningeandika nini? Kwamba nimeona ugonjwa usioonekana? Mngeniamini?"

Dokta akaipokea kreti.

Lakini chupa tisa hazikuwa salama bado. Zilikuwa chumba kimoja na zile zilizooza, na ukungu ungeweza kuwa umejificha kwenye shina. Ilibidi kila mche ukatwe, magamba yatolewe yote, ubaki moyo peke yake, punje ndogo kama ufuta, upandwe kwenye uji mpya siku hiyo hiyo. Na uji mpya haukuwepo. Jeli ya kuugandisha iliisha, na ya kuagiza ingechukua wiki sita.

"Basi imekwisha," alisema Dokta.

"Nipe madafu na wanga wa muhogo," alisema Nakijwa.

"Mama Elinaike, hiyo si sayansi."

"Haya, kaa na sayansi yako hapo kwenye ndoo yangu. Mimi nipishe jikoni."

Miaka saba nyuma jeli ilipokwisha, alijaribu kupika uji wa madafu na wanga kwa siri, akatumia vipande vilivyotupwa na wanafunzi. Mara kumi na nne alikosea. Mara ya kumi na tano miche ikasimama. Vipimo alivificha nyumbani. Kwa nini avitoe? Kila alichowahi kukitoa pale kilipata jina la mtu mwingine. Siku hiyo alivitoa, akapika, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaongeza maji.

Na Sikudhani akakata. Alijifunga kamba mguuni mwenyewe, akaketi, akakata tangu asubuhi mpaka alasiri bila kuinua mkono. Nakijwa alilinda mlango kwa nje. Akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Aliviona vile vidole vinafungua mche gamba baada ya gamba, havitetemeki, havikosei, vinafika kwenye moyo na kuutoa bila kuuchubua. Wivu ukampanda upya, na safari hii haukuwa wa kalenda. Ulikuwa wa vidole. Kalenda angeweza kusema ni uonevu. Vidole angesema nini?

Mioyo tisa ikasimama kwenye uji wa madafu. Wiki ya nne ikachipua. Mwezi wa nne ikawa miche tisini. Wafadhili wakasikia, wakampigia simu Dokta: tupe jina la mtu wa kwenda kusoma, leo.

Dokta Kajiru, digrii tatu zote hizo, alikuwa mwoga. Akawaita watatu kwenye chumba cha mikutano, akaweka fomu mezani na kalamu juu yake.

"Nyinyi mnajuana kuliko ninavyowajua," alisema. "Andikeni jina moja, wote watatu msaini. Saa kumi naituma. Ikiwa tupu, nafasi inakwenda chuo kingine."

Akatoka. Ilikuwa saa nane na nusu.

Kisha Nakijwa akasema, kwa mdomo na kwa mikono ili Sikudhani amwelewe, "Tuanze na aliyefungua kamba. Bila yeye, chupa thelathini na moja zingekuwa hai."

Sikudhani alifungua kidaftari, akaandika, akakisukuma mbele yake. Palikuwa na maneno matatu: *Mbuzi wangu yule.*

Nakijwa aliyasoma mara mbili.

"Nilisoma midomo yako," Sikudhani alisema kwa mikono, polepole, wenzake wapate kufuata. "Asubuhi ile nilitazama kamba mguuni nikajiona mbuzi. Nikaifungua. Nilijua nakosea. Nikaifungua."

"Ulikuwa utani."

"Ulikuwa utani wenu. Mimi nilikuwa kitu cha kutaniwa."

Gidamis akakohoa. "Na mama alijua kamba imekaa kimya. Nilikuwepo koridoni. Aliivuta, akaitazama, akaivuta tena, ndipo akafungua."

Nakijwa akamgeukia. "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Na mdomo ulikuwa wapi? Ungesema 'Mama, subiri', maneno mawili tu, nani angeoza?"

"Kwa nini nikuzuie?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Miaka miwili mimi ndiye ninayengojewa nikosee. Nilitaka siku moja akosee mwingine, mwenye kikombe kisicho na alama. Na kesho yake ukaniita mwizi, wakati nimekufichia."

"Hukunifichia mimi. Ulificha chupa."

"Na wewe nilikuficha. Niliulizwa na mlinzi, na Dokta, na mkuu wa chuo. Nilisema sijui."

Nakijwa alitazama mikono yake mezani. Angeweza kusema kwamba alichoka, kwamba alidhani chumba kina mtu mgonjwa. Akaona hawa hawadanganyiki.

"Nilitaka ukosee," alimwambia Sikudhani. "Nilitaka nifungue nikukute unakosea, ili waulize nani aliyekuwepo kabla yako. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa semeni mnachotaka."

Gidamis akasema, "Nasema kama si jicho langu hamna mlichokata, wala mlichokipikia uji. Mngekuwa mnafagia ukungu tu. Jicho hilo hamkunifundisha nyinyi. Nililipata kwa ng'ombe wa baba yangu, ambao mnawacheka. Niandikeni mimi. Nikirudi na digrii, watoto wa kwetu watakaokuja hapa wataitwa kwa majina yao."

Sikudhani akasema, "Jicho liliona, halafu? Mche wenye ukungu kwenye shina ungekufa wiki ya pili, umeonwa au haukuonwa. Niliutoa moyo wake kwa mikono hii. Mlango wa chuo kikuu nimeufikia mara mbili, mara mbili nikarudishwa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, karatasi imesema mkalimani atakuwepo. Mwakani nani atalikumbuka hilo? Niandikeni mimi."

Nakijwa akasema, "Moyo wenu mngeupanda kwenye nini? Kwenye mate? Uji ni wangu. Na kamba ni yangu, na bila hiyo wewe binti ungekuwa masjala unapiga mihuri. Na Dokta huyo anayetufungia humu, kibano nimemshikisha mimi. Miaka kumi na tisa nawapandisha watu ngazi. Nyinyi ni vijana. Mnaweza kungoja."

"Nitangoja nikiwa Mang'ati?" aliuliza Gidamis.

Nakijwa alimgeukia. "Gidamis," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na halikumpa tabu yoyote.

"Sasa hivi umelijua, kwa sababu ya fomu," alisema yeye.

Sikudhani akapiga meza kwa kiganja ili wamtazame. "Neno 'ngoja' nilijua kulisoma kwenye midomo ya watu kabla sijajua kulisoma jina langu. Msiniambie ngoja."

"Mimi naambiwa na kalenda," alisema Nakijwa. "Mwezi wa tisa ukifika, mimi siyo wa kungoja tena. Nyinyi mkikosa, mmekosa mwaka. Mimi nikikosa, nimekosa."

Wakaamua kupiga kura. Vikaratasi vitatu, kila mtu aandike jina moja, akunje. Walipovikunjua, vilikuwa na majina matatu, kila mtu amejiandika. Wakacheka, wote watatu, Nakijwa mpaka akafuta macho. Hawakuwahi kucheka pamoja kabla ya hapo. Kisha kila mmoja akakumbuka anacheka na nani, wakaacha.

Saa kumi kasoro dakika tano. Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja wa jina, na chini yake mistari mitatu ya saini. Gidamis alitazama mstari. Sikudhani alitazama mikono ya Nakijwa. Nakijwa alikuwa amekwisha kuishika kalamu, maana kati yao yeye ndiye mwenye mazoea ya kunyanyua kilichowekwa mezani. Viatu vya Dokta vilisikika vinakuja koridoni. Wawili walivisikia, na mmoja aliona kwenye nyuso zao kwamba muda umekwisha.

Hadithi niliyopewa inakomea hapo, na mimi siongezi. Kilichobaki ni chenu mlionisikiliza. Mmoja aliona, akanyamaza pale alipopaswa kusema. Mmoja alikata, na ndiye aliyefungua kamba. Mmoja alipika, na ndiye aliyefungua mlango, tena kwa kusudi. Kila mmoja alisukumwa kwenye kosa lake na mwenzake, na kila mmoja aliachwa nyuma na watu ambao siku ile hawakuwemo chumbani. Msiniambie wote watatu, mstari ni mmoja. Msiniambie Dokta aamue, Dokta ameshakataa. Wala msiniambie fomu irudi tupu, labda kama hamjawahi kusimama nje ya mlango.

Kalamu iko mkononi mwa mwenye wivu. Je, aandike jina la nani? Nani kati yao alistahili?